Msichana wa Vidole Tisa

Kokoo wangu ana vidole tisa. Kokoo ndivyo Wamaasai tunavyomwita bibi, na huyu ni mama wa mama yangu. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilikatwa na mnyororo wa pampu ya maji akiwa mtoto, wakati serikali ya wazungu ilipochimba kisima karibu na reli, nje kidogo ya Kajiado. Hajawahi kukionea haya. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitufinya mashavu kwa kile kigutu tukikataa uji, na sisi tunapiga mayowe na kurudi tena kufinywa. Ninaanza na kidole kwa sababu bila hicho nisingejua lolote, na mpaka leo ningekuwa ninajiona mfanyakazi hodari.

Ninaishi Kitengela, na kazi yangu kwa karibu miaka mitatu imekuwa kuwauliza akina mama maswali. Mradi wetu unapima huzuni. Wenye mradi hawapendi niseme hivyo, wana maneno marefu zaidi, lakini ndiyo kazi yenyewe: unakaa na mama, unamuuliza kama analala, kama anakula, kama kuna siku hatamani kuamka, kisha unaingiza majibu kwenye simu ya mradi. Ofisi iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukifungua dirisha vumbi la saruji linatua juu ya chai yako. Pale ofisini Mmaasai ni mimi peke yangu. Kwa hiyo upande wa Kajiado ulikuwa wangu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyetafsiri maswali kwa Kimaasai, mimi ndiye niliyeyauliza, na nilikuwa na majivuno nayo kuliko nilivyoonyesha.

Mkubwa wetu ni mama wa rika langu. Wazazi wake walihamia Ngong kutoka Kiambu, akakulia huko, na sasa anafundisha chuo kikuu. Somo lake linahusu jinsi akili ya mtu inavyofungamana na mila za kwao. Analipenda, na pia linamkera, kwa sababu anasema lilizaliwa mikononi mwa mkoloni: mzungu alikuja na picha zake na saa yake, akawapima watu wetu akili na moyo, akaondoka na majibu aliyokuja nayo. Anataka lifikiriwe upya kuanzia chini. Siku ya mkutano wetu wa Alhamisi alitugawia nakala za kurasa chache za zamani, zilizopigwa taipu katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru, ili tuone wenyewe.

Nilisoma ukurasa wa kwanza nikinywa chai. Kulikuwa na msichana wa miaka tisa hivi, bila jina, mtoto wa mchungaji karibu na reli ya Kajiado. Mama yake alikuwa amefariki muda mfupi uliopita. Mtafiti alimuuliza jina la mama yake, msichana akacheka. Akamwonyesha picha ya mwanamke aliyelala na mtoto aliyesimama kando yake, akamwambia atunge hadithi. Msichana akasema anaona kiti. Akaulizwa tena, akasema anaona mlango. Mtafiti akaandika kwamba mtoto huyu hana fikra za kubuni, na kwamba kifo cha mama yake hakikumwachia alama yoyote. Kutoka hapo akaruka hadi kwa kabila zima: hawa ni watu wa hisia fupi, wanaomsahau maiti upesi.

Halafu nikafika kwenye mstari uliosema kwamba msichana hana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilikatwa na mashine ya maji.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Pale mezani wenzangu walikuwa wakinong'ona na kusonya, na mmoja akasema wale watafiti walikuwa wajinga wa kutupwa, nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko yake. Nilisema mambo makali. Nilisema mtu wa namna hiyo hakustahili hata kupewa maji ya kunywa. Sikuwaambia kwamba msichana yule ananifinya mashavu mpaka leo, kwa sababu niliogopa kulia mbele ya watu wa ofisi.

Baada ya hapo mkubwa wetu akawasha mashine na kutuonyesha ukutani matokeo ya mradi. Kila sehemu ilikuwa na mstari wake uliosimama wima, mrefu kwa huzuni nyingi, mfupi kwa huzuni ndogo. Wa Kitengela ulikuwa mrefu. Wa Kajiado ulikuwa mfupi mno. Akasema inaonekana akina mama wa Kajiado wamefiwa na watu wachache, na hata waliofiwa wanahimili vizuri. Ni watu imara. Kwa hiyo yule muuguzi mshauri ambaye mradi ulimweka kwenye zahanati karibu na Kajiado, wa kukaa na akina mama na kuwasikiliza, atahamishiwa Kitengela mwisho wa mwezi. Nilitikisa kichwa kukubali. Kichwa changu kilikuwa bado kwenye kile kidole.

Jumamosi nilikwenda kwa Kokoo. Nilimkuta ameketi upande wa jua, nje ya nyumba yake ya mabati, ungo wa maharagwe mapajani. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kwa kiganja.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikaitikia, nikakaa chini miguuni pake.

Nikamsomea zile kurasa, nikizigeuza kwa Kimaasai mstari kwa mstari. Aliendelea kuchagua maharagwe, mabovu kulia, mawe kushoto. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba alicheka, akacheka tena, kicheko kirefu cha mtu asiye na meno ya mbele. Alimkumbuka yule mzungu. Alikumbuka kwamba alikuwa na nywele mikononi na alikuwa akitokwa jasho, na kwamba walipewa sukari baadaye.

Nikamuuliza kwa nini hakujibu. Akaniangalia kwa mshangao, kama nimeuliza kwa nini ng'ombe hapandi mti.

"Yule aliyenizaa alikuwa ametutoka mwezi uliotangulia," akasema. "Huyo mtu akataka nimtaje jina. Nimtajeje? Nyumbani tulikuwa tumelinyamazia lile jina, hata binamu yangu aliyekuwa nalo alipewa jingine. Nikacheka kwa sababu nilimwonea aibu. Mtu mzima, anauliza vile mbele ya watu."

"Na picha?"

"Picha ilikuwa ya mama na mtoto wake. Yule mama alikuwa amekufa, nilimwona. Wewe ungesema? Nikatafuta kitu kingine cha kutazama. Kulikuwa na kiti."

Nilifahamu mila hiyo, bila shaka. Marehemu hatajwi jina, na watoto hawahesabiwi, na watu wa umri wa Kokoo wangali wanaishika hata wakiwa wanakwenda kanisani kila Jumapili. Lakini kusikia kwamba mtoto wa miaka tisa alishikilia adabu yake mbele ya mtu mzima, na adabu hiyo ikaandikwa kuwa ni upungufu wa moyo wa kabila zima, kulinitia hasira mpaka masikio yakapata moto. Nikauliza kuhusu mkalimani. Lazima palikuwa na mkalimani.

"Alikuwepo," Kokoo akasema. "Mtu wetu kabisa, wa upande wa Kimuka. Alijua yote. Alinihurumia, akamwambia mzungu, huyu mtoto hana la kusema. Mpaka leo namshukuru."

Nikashtuka. Hasira yote iliyokuwa imenijaa ilikatika, ikaingia baridi, kwa sababu nilimjua mkalimani huyo. Ni mimi.

Acha nieleze. Swali la kumi na moja kwenye fomu yetu linamtaka mama ataje watoto aliofiwa nao, mmoja mmoja, kwa majina. Simu ya mradi haikuruhusu kuendelea mbele mpaka uandike majina hayo, au uguse neno moja lililo chini kabisa: Hakuna. Sasa nimekaa na mama ndani ya nyumba yake, amenipa chai, ana umri wa mama yangu, na mimi ni msichana wa huku huku ninayejulikana nilikozaliwa. Nimwambie ataje majina ya waliokwenda? Siwezi. Nikifika kwenye swali hilo nilikuwa ninalisoma kimoyomoyo, ninagusa Hakuna kwa kidole gumba, kisha ninamuuliza kama maji wanayapata karibu. Kila mama. Kila nyumba. Na kwa sababu maswali manne yanayofuata huja tu ukiwa umetaja kifo, nayo yalijifunga yenyewe, na mama akatoka kwenye fomu akiwa hajafiwa na mtu na hana huzuni. Nilikuwa ninatoka pale nikijisifu kwamba mimi, tofauti na wageni, najua kukaa na watu. Mgeni angeuliza kwa ujeuri wake, akafukuzwa, na angalau angerudi ofisini kusema amefukuzwa. Mimi nilikaribishwa tena.

Na kule Kitengela tulikuwa tumeliita jambo hilo uimara. Yule mzungu wa taipu alisema hawahisi, sisi tukasema wanahimili. Tofauti ni kwamba sisi tuna lugha ya heshima.

Kokoo hakujua yaliyokuwa yakinipitia. Akapepeta ungo wake mara mbili, akasema kuna jambo alitaka kuniuliza kwa kuwa mimi ninafanya kazi na wale watu wa mradi.

"Waulize kwa nini wanamtoa yule msichana wa presha."

Nikauliza msichana gani. Akasema yule wa zahanati, Mkikuyu mdogo, anayekaa chumba cha mwisho. Wanawake wameambiwa anaondoka. Nikamweleza kwamba huyo hapimi presha, huyo ni mshauri, ni wa watu wenye huzuni.

"Najua ni wa nini," Kokoo akasema. "Ananipima presha kwanza, halafu tunakaa. Kila Jumanne."

Kila Jumanne. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimtumia nauli ya bodaboda kila wiki, nikidhani anakwenda kupimwa presha. Nikamuuliza wanaongea nini, na sauti yangu ilinitoka ndogo.

"Namweleza juu ya yule wetu."

Yule wetu ni mama yangu. Alituacha miaka mitatu iliyopita, kwa ugonjwa wa kifua, katika hospitali ya mjini, na tangu siku ile Kokoo hakuwa amenitamkia neno moja kumhusu, wala mimi sikumtamkia. Mazishi yalikuwa ya kisasa. Kulikuwa na mahema, viti vya kukodi, na programu ya karatasi inayong'aa yenye picha ya mama na jina lake kamili kwa herufi kubwa, na mchungaji akalisoma jina hilo kwenye kipaza sauti zaidi ya mara nilizoweza kuvumilia. Kokoo hakukaa chini ya hema. Alisimama nje ya ua, karibu na mbuzi, ametupa mgongo, mpaka watu wakaondoka. Ndugu zetu wa mjini walinong'ona kwamba kikongwe yule ana roho ngumu. Mimi nilijua mila inasemaje, lakini siku ile nilitaka kuona chozi, na nilipolikosa, Mungu anisamehe, niliwaza kama wao.

Nikamuuliza anawezaje kumsimulia mgeni bila kumtaja.

"Yule msichana haniulizi jina," Kokoo akasema. "Siku ya kwanza aliniuliza, huyo wenu alikuwa anapenda kula nini? Nikamwambia maziwa mala yenye sukari, na chapati iliyoungua pembeni. Tukaongea mpaka wakafunga mlango."

Nilikaa pale nikitazama maharagwe. Msichana wa watu, asiyejua Kimaasai zaidi ya salamu, na Kokoo mwenye Kiswahili cha sokoni, na kati yao walikuwa wamepata mlango ambao mimi mwenye lugha zote mbili na simu ya mradi nilikuwa nimeufunga. Na sasa msichana huyo alikuwa anaondolewa kwa sababu ya kidole gumba changu.

"Ni nani amewaambia hatumhitaji?" Kokoo akauliza.

Nilisema nitauliza ofisini, na nikaaga mapema kuliko kawaida yangu.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wote. Fomu nyingi zilikuwa kwenye mtandao, lakini zile za majaribio, za wiki ya kwanza kabla hatujapewa simu, zilikuwa za karatasi na zimewekwa ndani ya boksi chini ya meza yangu. Nilitaka tu kuona kama hata wakati ule nilifanya hivyo. Nikafungua boksi, na fomu ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kokoo. Nilikuwa nimesahau. Nilijifunzia kwake, kama mtu anavyojaribu mkasi kwenye nguo yake kwanza. Wakati huo mama alikuwa ana miezi michache tu tangu tumzike. Swali la kumi na moja, watoto waliofariki. Pale, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni, nilikuwa nimeandika: Hakuna.

Nilimfuta mama yangu kwa mkono wangu. Nilifanya hivyo kwa heshima, nikiwa nimekunywa chai ya mama yake. Niliketi sakafuni na ile karatasi mpaka mkubwa wetu akanikuta, akafikiri nimepigiwa simu ya msiba.

Nilimwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akavuta kiti, akakaa karibu sana nami.

"Hizi zote za Kajiado uko nazo umejaza hivi?"

"Zote."

"Na hukuniambia hilo swali haliulizwi."

"Niliona aibu kukwambia. Wewe ni mgeni."

Akasema amekulia Ngong, miaka yote hiyo, na jirani zake wa ukutani walikuwa Wamaasai. Nikasema ndiyo, na hata hao hawakumwambia. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, kwamba swali la kumi na moja alilichukua kama lilivyo kutoka kwenye fomu ya zamani, na ile ilitoka kwenye nyingine ya zamani zaidi, na katika kuandika kwake kote dhidi ya wale wakoloni hakuwahi kulitazama. Alikuwa amekasirika, na sikujua amenikasirikia mimi au nafsi yake. Nadhani sote wawili. Alasiri hiyo aliandika barua ya kusimamisha uhamisho wa muuguzi kwa miezi mitatu, mpaka fomu za Kajiado zifanywe upya. Mimi niliondolewa kwenye usimamizi, jambo ambalo ni haki, na nikapewa nyumba zile zile nizirudie kwa miguu yangu mwenyewe.

Tulibadilisha swali. Tulibishana juu yake siku mbili nzima. Sasa hatuombi jina wala hesabu. Tunauliza kama kuna mtu wa nyumba hii ambaye bado unamwekea nafasi, na tunaacha ukurasa mzima mtupu, wa karatasi, kwa ajili ya majibu. Mashine haiwezi kuusoma ukurasa huo, na mkubwa wetu bado hajui atauchoraje ukutani.

Nyumba ya kwanza niliyoirudia ilikuwa ya Kokoo. Nilimngoja Jumanne atoke zahanati, nikamwambia mimi ndiye niliyesema hatumhitaji yule msichana. Nilimwonyesha karatasi ya zamani, nikamsomea nilichoandika. Alishtuka. Niliona uso wake ukibadilika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alinitazama kama mtu asiyenijua. Akanyoosha kile kigutu, akaligusa lile neno la bluu asiloweza kulisoma, akaliacha.

Halafu akasema nitoe hiyo karatasi mpya. Nikauliza swali. Aliongea huku akichagua maharagwe, mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba, nami nikaandika mbele na nyuma ya ukurasa: jinsi yule wetu alivyoogopa punda, jinsi alivyokuwa akificha viatu vya shule ili asitumwe kuchota maji, jinsi alivyonibeba mimi mgongoni akiwa bado mtoto mwenyewe. Mengi sikuwahi kuyasikia. Jina halikutokea hata mara moja, nami pia sijaliandika hapa.

Nilipofunika kalamu, Kokoo aliniuliza kama sisi wenye kuuliza huwa tunaulizwa pia.

"Wewe, tangu siku ile, ni nani amekuuliza?"

"Hakuna," nikasema.

Akaweka ungo wa maharagwe chini. Akanivuta karibu, na kama mtu asiyejua, akaniuliza yule wetu alikuwa anapenda kula nini.